Nukta milioni mbili, chaneli sifuri

Mstari wa buluu ulianza kutambaa kutoka asilimia 0. Mama ameketi kwenye kochi na tasbihi mkononi, chai ya saa kumi imepoa mbele yake, nami nimepiga magoti mbele ya TV ya inchi 40 kama mtu aliyekuja kuomba radhi. Asilimia 30, kimya. Asilimia 60, kimya. Ilipofika 100, kioo kikaandika kwamba utafutaji umekamilika, na chini yake: chaneli za dijitali, 0.

"Ndiyo imekwisha?" mama akauliza.

"Naijaribu tena, mama. Pengine antena imelegea."

Niliijaribu mara nne. Kabla ya ile ya tatu nilikuwa nimepanda juu ya paa.

Ilikuwa mwaka 2016, Ramadhani iko mlangoni, na TV yenyewe nilikuwa nimetoka nayo Mwembe Tayari, hapa Mombasa, siku hiyo hiyo, nimeipakata ndani ya tuktuk kama mtoto mgonjwa. Ilikuwa "ex-UK". Kwa asiyeishi Kenya, hivyo ni vitu vilivyotumika Uingereza vikaletwa huku kwa kontena, na watu wengi huviamini kuliko vipya vya bei ya chini. Imani hiyo ina sababu. Umeme wa Uingereza na wetu ni ndugu, plagi ni ile ile ya miguu mitatu, na friji iliyoishi Birmingham miaka minane hufika Kisauni ikachomekwa ukutani bila kuguswa hata waya mmoja. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kinachokubali soketi ya ukutani kitakubali na soketi ya antena.

Muuzaji hakunidanganya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Aliniambia, "Hii ni Full HD, bwana, si hizi HD Ready. Na ni dijitali kabisa." Nilipomrudia siku ya pili nimefura, alinionyesha stika: nukta 1920 kwa 1080, ipo. Neno dijitali, lipo. Kila alichosema kilikuwa kweli. Nilikuwa nimenunua nukta milioni mbili na ushei, zile punje za mwanga zinazochora picha kiooni, na sina hata chaneli moja ya kuzijaza.

Neno ambalo yeye hakulitaja, nami sikujua kuliuliza, ni tyuna. Naliandika hivyo makusudi. Nikiandika "tuna", msomaji mmoja atasubiri nimwambie tuna nini, na mwingine atadhani nauza jodari.

Tyuna ni ile sehemu ndani ya TV inayopokea mawimbi kutoka kwenye antena, ikachagua moja, ikaligeuza kuwa kitu ambacho kioo kinaweza kukichora. Kioo hakijui kitu kuhusu mawimbi. Chenyewe kinangoja kuletewa. Ukikumbuka redio za zamani utaelewa mara moja: redio yenye MW na SW pekee haisikii FM hata uivutie antena mpaka mwezini, na hilo halina uhusiano wowote na ukubwa wa spika yake. Sisi tunapoingia dukani tunauliza habari za spika.

Sasa, TV yangu ilikuwa na tyuna, tena ya dijitali. Lakini dijitali hii ina lugha zake. Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika hutumia ukoo mmoja unaoitwa DVB. Herufi inayofuata inakwambia mawimbi yanatoka wapi: T ni ya minara ya ardhini, S ni ya satelaiti, C ni ya kebo. Halafu kuna kizazi. DVB-T ni ya miaka ya 1990, na DVB-T2 ikaja zaidi ya miaka kumi baadaye. T2 huielewa T, kwa maana TV yenye tyuna ya T2 kwa kawaida hupokea zote mbili. T haielewi T2 hata neno. Inalipita wimbi kana kwamba hakuna kitu hewani.

Uingereza walianza dijitali ya minara mwaka 1998 kwa T. Chaneli za HD, zenye picha kali zaidi, zilipoanza huko kwa antena Desemba 2009, zilianza kwa T2. Hebu weka tarehe hizo mbili ubavuni mwa TV yangu, iliyotengenezwa 2008. Ilikuwa na kioo cha Full HD, lakini haikuweza kupokea HD ya antena hata ikiwa sebuleni London! Ilikuwa ikionyesha HD ya diski au ya kisanduku cha pembeni. Kwa antena yake yenyewe ilipata picha za kawaida tu. Angalau huko ilipata hizo za kawaida, maana Waingereza waliziacha kwenye T. Huku kwetu ilipata sifuri, kwa kuwa minara yetu yote ilikuwa imeshahamia T2.

Na sisi tulifikaje T2? Kwa kona kidogo. Desemba 2009 Rais Kibaki alipozindua matangazo ya dijitali Nairobi, yalianza kwa T. Baadaye nchi ikaamua kwenda T2, na wale waliokimbilia vile ving'amuzi vya mwanzo wakabaki navyo kama pambo. (King'amuzi ndilo neno la magazetini. Mtaani ni dikoda, nami nitayachanganya yote mawili kama tunavyofanya.) Sababu ya kuhama si ya ajabu. Chukua upana ule ule wa hewa, megahezi 8. Kwa mpangilio waliokuwa wakiutumia Waingereza, T hupitisha karibu megabiti 24 kwa sekunde, na T2 hupitisha 40. Bomba ni lile lile, maji ni mengi zaidi, na kwa nchi iliyokuwa inaanza upya haikuwa na maana kulaza bomba la zamani.

Mombasa mitambo ya analogi ilizimwa katika awamu ya pili, Februari 2015, mwezi mmoja baada ya Nairobi. Wenye umri wangu wanaikumbuka Februari ile kwa jambo jingine: vituo vikubwa vya binafsi, NTV, KTN na Citizen, vilitoweka hewani karibu wiki tatu katika mvutano wa nani atasambaza mawimbi ya nani. Mama alikuwa na TV ya zamani yenye kisogo, na juu ya paa antena iliyofungwa kifuniko cha sufuria kwa waya. Kifuniko kile kilikuwa kimefanya kazi miaka tisa. Kikateremshwa, kikasuguliwa, kikarudi jikoni.

Mafundi wa zamani watakwambia kisa changu si kigeni. Enzi za analogi, TV za Uingereza zilifika hapa zikatoa picha safi na sauti ya mchanga unaomwagika. Uingereza na Kenya zote zilitumia mfumo wa rangi wa PAL, lakini sauti iliwekwa mahali tofauti kando ya picha: wao megahezi 6, sisi 5.5. Fundi alifungua mgongo, akabadilisha kijipande kidogo, sauti ikaja. Hapo ndipo nami nilipotundika matumaini yangu. Fundi mmoja aliniambia nimpe elfu mbili "aiflashi", yaani aipakie programu mpya, iwe T2. Nashukuru mfuko ulikuwa mtupu siku hiyo, kwa sababu T2 haiingii kwa programu. Ni chipu nyingine kabisa, na kama haikuwekwa kiwandani haipo.

Dawa ilikuwa dikoda ya shilingi 3,500, ikaunganishwa kwa waya wa HDMI. Picha ikaja, na ilikuwa nzuri. Lakini nyumba sasa ikawa na rimoti mbili, na asiyewahi kuishi na mama wa miaka 68 na rimoti mbili asiniambie kwamba king'amuzi si tatizo. Simu ya alfajiri: "TV yako imekufa." Nakimbilia kwa mama, Majengo, kabla ya kazi, nakuta imehamia tundu la HDMI 2. Wiki ya pili, imekufa tena. Nilibandika plasta nyeupe kwenye rimoti moja nikaandika "USIGUSE". Akaigusa, kwa sababu rimoti iliyoandikwa usiguse lazima ina jambo.

Nilidhani nimepata mkosi wa pekee mpaka binamu yangu aliyeko Ohio alipomtumia mama yake TV ndani ya kontena la magodoro. Ile ilikuwa shule kamili. Kwanza umeme: nyuma imeandikwa 120V, kwa hiyo ikanunuliwa transfoma nzito kama jiwe la kusagia. Pili, tundu la antena lilikuwa na nyuzi za skrubu, la kwetu ni la kuchomeka tu. Tatu, tyuna. Marekani hawamo katika ukoo wa DVB kabisa. Wana wao unaoitwa ATSC, wenye chaneli za upana wa megahezi 6, na tangu Machi 2007 sheria yao ilitaka kila TV inayoingizwa nchini humo iwe nayo. Ni tyuna nzuri sana, ukiwa Ohio. Kwa hiyo nikashauri dikoda kwa HDMI, kwa ujuzi wangu wote mpya, na kioo kikabaki cheusi. Kumbe dikoda za huku hutoa picha 50 kwa sekunde, na TV ile ilitaka 60 tu. Tuliichomeka dikoda kwenye TV ya jirani, tukaingia menyu, tukaibadilisha itoe 60, tukairudisha. Ikakubali. Mpira ukichezwa unaona kama mchezaji anajikwaa kila baada ya hatua chache, kwa sababu zile 10 za ziada lazima zitoke mahali, lakini halati, mama yake huyo binamu, hatazami mpira.

Kwa hiyo siku hizi nikiingia dukani nazunguka nyuma ya TV kwanza. Stika ya nyuma ina maneno machache na haina haya: volti ngapi, hezi ngapi, namba ya modeli. Tundu la antena, la skrubu au la kuchomeka. Halafu boksi au kitabu chake, natafuta DVB-T2 imeandikwa na ile 2 yake. "Dijitali" si jibu. "Ina fri-tu-ea", yaani chaneli za bure, pia si jibu. Na zaidi ya yote naomba ichomekwe antena, itafutwe chaneli mbele ya macho yangu. Utashangaa ni maduka mangapi hayana antena. TV zote ukutani zinaonyesha kasuku wa rangi saba na asali inayodondoka polepole, kutoka kwenye flashi. Ile ni video ya kuuzia. Haijapita kwenye tyuna wala haijawahi kuwa hewani, na asali kama ile hutaiona tena nyumbani kwako.

Asali hiyo ndiyo inatuleta kwenye nukta.

Hizi namba za rezolusheni ni hesabu ya nukta kwa upana na kwa urefu, hakuna siri. Full HD ni 1920 kwa 1080, nukta 2,073,600. Ile inayoitwa 4K kwenye TV ni 3840 kwa 2160, yaani 8,294,400, mara nne ya Full HD. TV nyingi ndogo za inchi 32 ni 1366 kwa 768, milioni moja na kidogo. Picha ya kawaida, ile isiyo HD, ambayo chaneli nyingi nilizopata kwa antena zilikuwa nayo, ni 720 kwa 576: nukta 414,720.

Chukua kalkuleta. Gawanya nukta za 4K kwa nukta za picha ya kawaida. Unapata 20 kamili. Yaani ukitazama taarifa ya habari ya kawaida kwenye TV ya 4K, katika kila nukta 20 zilizoko mbele yako, moja imetoka kituoni na 19 zimebuniwa na TV yenyewe. Kwenye Full HD ni moja kwa tano. TV hubuni kwa ustadi, sikatai, na ya bei ya juu hubuni vizuri zaidi. Lakini inabuni.

Ndugu yangu mdogo alikuwa amenunua ya inchi 55, 4K, kwa mkopo wa chama, akaniita nione "ubovu" wake. Kasuku wa dukani hayupo. Msomaji habari ana ukungu puani, maandishi yanayopita chini yana nywele, na kwa kuwa kipindi cha zamani kilichofuata kilikuwa cha umbo la karibu mraba nacho kimevutwa kijaze kioo, kila mtu amevimba kama hamri. Kuvimba nilikutengeneza kwa rimoti, ni suala la umbo la picha kwenye menyu. Ukungu sikuweza. Haukuwa ugonjwa wa TV. Picha ndogo imetandazwa kwenye shuka kubwa, na kadiri shuka inavyokuwa kubwa ndivyo matundu yanavyoonekana.

"Lakini dikoda inaandika 1080," akasema.

Inaandika, ndiyo. Hiyo ni namba ya kile dikoda inachoitolea TV, baada ya yenyewe kuikuza picha. Kituo kilituma 576.

Nikamuuliza anakaa wapi akitazama. Akaonyesha kochi. Nilikuwa na futi ya cherehani ya mama mfukoni (usiniulize kwa nini), nikapima: mita 3 na robo kutoka pale hadi kwenye kioo. Jicho zima lina kikomo chake cha kutenganisha nukta mbili zilizo jirani, na ukikipigia hesabu unapata kanuni ya mkononi ambayo nimeitumia mpaka leo. Zidisha inchi za TV kwa 4, upate sentimita. Ukikaa mbali kuliko hapo, nukta za Full HD zimeshaungana machoni pako, na kuongeza nyingine ni kuongeza usichokiona. Kwa inchi 55 ni sentimita 220. Ili 4K ya inchi 55 ikulipe yote uliyoilipia, kaa kama mita 1 na kidogo, magoti yaguse meza ya TV. Yeye alikuwa mita 3 na robo. Kwa inchi 32 yenye nukta 1366, zidisha kwa 5 na nusu: mita 1 na robo tatu, na sebule ngapi za Majengo zina kochi la karibu zaidi ya hapo? Chache kuliko unavyodhani, kwa sababu hata chumba kidogo watu hupanga viti ukutani.

Alinuna. Akasema atatazama filamu za 4K kwa intaneti. Sawa, na hapo zitaonekana tofauti kweli, hata kwa mbali, kwa sababu filamu hizo huja na rangi bora na hazikukamuliwa sana. Netflix wenyewe wanataka megabiti 15 kwa sekunde kwa 4K, na wanakadiria gigabaiti 7 kwa saa. Filamu ya saa mbili, gigabaiti 14. Mwezi wa kwanza alitazama mbili, akarudi kwenye taarifa ya habari yenye ukungu.

Kuhusu ile stika ya HD Ready ambayo muuzaji wangu aliidharau, ilizaliwa Ulaya mwaka 2005, na watu wengi hapa huisoma kama "HD ndogo". Si hivyo hasa. Iliahidi kwamba kioo kina mistari isiyopungua 720 na kwamba kuna tundu la kuingizia HD kutoka kwenye kisanduku kingine. Tyuna ya HD haikuahidi. Ni kama nyumba ya kupanga iliyotangazwa kuwa na mfereji. Mfereji upo, unang'aa, na mtu wa Mombasa anajua kwamba mfereji ni jambo moja na maji ya chemchemi ya Mzima ni jambo jingine. Na kwa kuwa iliyohesabiwa ni mistari ya urefu tu, plasma nyingi za inchi 42 za enzi zile zilipata stika hiyo zikiwa na nukta 1024 kwa 768, zimenyooshwa ubavuni ili zitoshe kioo kipana. Bado zipo madukani kwa bei ya kuchekesha. Zina picha tamu ajabu na zinakula stima kama pasi. Ukilipa tokeni mwenyewe, achana nazo.

Ulaghai wa siku hizi umegeuka. Boksi limeandikwa 4K kwa herufi za dhahabu, na kwa herufi za sisimizi, au bila herufi yoyote, maana yake ni kwamba TV inakubali kuingiziwa video ya 4K kisha inaikamua iingie kwenye kioo cha 1366. Haisemi uongo na haisemi kweli. Kwa hiyo nilijitengenezea kitu. Ni picha moja tu, 1920 kwa 1080, mistari myeupe na myeusi iliyosimama, kila mmoja upana wa nukta moja. Naiweka kwenye flashi iliyoko kwenye funguo zangu. Unaichomeka, unaifungua, halafu unaingia menyu ya umbo la picha unachagua ile ya nukta kwa nukta, kwa sababu TV nyingi zina tabia ya kukuza picha kidogo na kukata kingo. Kama kioo ni Full HD kweli, unasogea pua karibu na unaiona mistari imesimama wima, mmoja mmoja, kama meno ya kitana. Kama ni 1366, unaona kijivu chenye mawimbi mapana, kama khanga iliyoloa. Kwa 4K njia hii haitoshi, maana TV nyingi hufungua picha za flashi kwa Full HD hata kioo kikiwa kikubwa zaidi. Hapo unahitaji kompyuta na HDMI, na muuzaji mwenye subira.

Mwaka 2021 stima ilikatika Majengo, ikarudi kwa kishindo, na ile TV ya Uingereza ikatoa harufu ya waya. Safari hii nilikwenda dukani na mama mwenyewe. Kijana wa duka alituonyesha ya inchi 43, boksi limeandikwa Full HD. Nikachomeka flashi. Khanga iliyoloa. Nikatafuta menyu ya nukta kwa nukta, khanga bado imeloa. Kijana akasogeza uso, akaangalia kioo, akaangalia boksi, akaangalia kioo tena. "Nilikuwa sijui, wallahi," akasema, nami nikamwamini. Akaomba nimwachie ile faili. Nikamwachia.

Mama hakuitaka hiyo wala nyingine yoyote kubwa. Alichokuwa anataka alikuwa amekisema tangu 2016, nami sikuwa nimemsikiliza: habari za saa moja, na Makka. Ile chaneli ya Qur'ani ya Saudia inayoonyesha Msikiti Mtukufu usiku na mchana hurushwa bure kwa satelaiti, na jirani yetu alikuwa anaipata kwa dishi na dikoda. Nikatafuta TV ya inchi 32, nukta 1366, imeandikwa DVB-T2 na DVB-S2 pamoja. Antena tundu moja, dishi tundu la pili, hakuna dikoda, rimoti moja. Chaneli za kulipia hazifunguki kwa njia hii, kwa sababu zimefungwa na zinataka kadi, lakini hakuna aliyekuwa na haja nazo. Duka hili lilikuwa na antena. Mstari ulitambaa, mama amesimama nyuma yangu na mkoba kwapani, na kabla ya asilimia 30 majina yalikuwa yameanza kujipanga. Akayasoma kwa sauti moja baada ya jingine mpaka wateja wengine wakageuka.

Dikoda ya zamani bado iko chini ya TV mpya. Haijachomekwa popote. Ameifunika kitambaa cha kufuma cha rangi ya maziwa, na kila Ijumaa huifuta vumbi. Nilimwambia siku moja nimpelekee mtu mwenye haja nayo, akanikatalia. Kwanza walitwambia tununue dikoda, akasema, halafu wakatwambia si dikoda zile, halafu vituo vikazimika. Ikae hapo hapo.